Siku Mama Zege alipoondoka mashine ikiwaka

Mashine ya kuchanganyia zege inanguruma, kokoto zinamiminwa ndani, na Mama Zege anavua buti.

Jua ndiyo kwanza linachomoza. Juu ya mbao za ghorofa ya kwanza mafundi wamejipanga tayari kupokezana makarai, na kila mmoja anamtupia jicho la pembeni mwenye kazi yake. Wamezoea kumwona yuko juu kabla ya karai la kwanza. Leo anazifuta buti kwa tambara, anazitupa nyuma ya pikapu na kuvaa viatu vya kutokea.

"Mama, unatuacha?" anauliza fundi mmoja kutoka juu.

"Naenda. Fundi mkuu yupo," anajibu, na kuingia kwenye gari kana kwamba hilo ni jambo la kila siku. Baadaye anakiri kwamba alichungulia kwenye kioo cha pembeni mpaka kona ya barabara ilipolificha lile jengo.

Kwenye kiti cha pili ameketi mama yake mzazi, akiwa ameshika mkanda wa gari kwa mikono yote miwili. Wanaelekea hospitali ya macho.

Mama Zege ni mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mwenye mabega mapana na sauti inayoishinda mashine. Jina lake la nyumbani wengi wa saitini hawalijui, na yeye hajali. Anamiliki kampuni ndogo ya ujenzi inayojenga nyumba za watu, vyumba vya maduka na ukuta wa hapa na pale. Alianza kwa kubeba makarai kichwani, akajifunza kufunga nondo kwa kuwatazama wenzake, halafu kusoma ramani, mpaka mteja wa kwanza alipomwamini akampa kibanda cha kujenga.

Katika miaka yake ya mwanzo, msimamizi wake aliwahi kuchomoa nondo kwenye mbao usiku na kuziuza. Mama Zege alilijua hilo kwa bahati tu, kwa kuwa alipanda juu kukagua kabla zege halijamwagwa. Kuanzia hapo akaweka amri moja ambayo hakuna fundi aliyethubutu kuivunja: zege lisimwagwe popote mpaka yeye afike.

Amri hiyo ilimfaa alipokuwa na saiti moja. Kazi zilipoongezeka zikafika saba, ikaanza kumla.

"Saiti saba, na mimi ni mmoja," anasema. "Kila mahali nilikuwa nangojwa mimi."

Siku zake zilikuwa za mbio tupu. Alisema "niko njiani" hata akiwa bado anapiga mswaki. Alikula akiwa amesimama. Kuna mteja aliyempigia kila jioni wakati wa chakula kuulizia rangi ya mabomba, na alimpokea kila mara, maana aliogopa kuonekana ana dharau. Mwaka mmoja alilipia semina ya wafanyabiashara kuhusu matumizi mazuri ya muda. Simu ikaita kabla ya chai, akatoka nje kuipokea, na semina haikumwona tena.

Wakati huo mama yake alikuwa ameanza kujigonga kwenye milango. Daktari alisema ni presha ya macho, ugonjwa unaoiba uwezo wa kuona polepole na kisha haurudishi ulichoiba. Upasuaji ungeokoa kile kilichobaki, mradi usicheleweshwe. Wakapewa siku, na wakaambiwa mgonjwa aje na ndugu wa kumsainia.

Siku ilipofika, Mama Zege alimpeleka mama yake, akamkalisha kwenye benchi, akamwambia anakimbia saiti mara moja tu na kurudi. Siku hiyo kulikuwa na zege la ghorofa upande wa pili wa mji. Njiani, lori lilikuwa limeharibika katikati ya daraja, na magari hayasogei mbele wala nyuma.

Kilichotokea saitini anakisimulia fundi mkuu, mwanamume mpole aitwaye Pimamaji, kwa kuwa kifaa hicho cha kupimia usawa hakikosekani mfukoni mwake.

"Mashine ilishawashwa, maana alituambia yuko karibu," anasema. "Zege likaanza kukaza. Tukaongeza maji kidogo, tukakoroga. Likakaza tena, tukaongeza tena. Tulijua tunaliua. Lakini nani angemwaga bila yeye?"

Alipofika, zege lilikuwa laini bado, na kwa macho halikuwa na kasoro. Kwa haraka aliyokuwa nayo hakuuliza limekorogwa tangu saa ngapi. Akaruhusu limwagwe, kisha akageuza gari kukimbilia hospitali. Benchi lilikuwa tupu. Mama yake alikuwa ameitwa, akakosa wa kumsainia, akarudi nyumbani peke yake akipapasa kuta.

Wiki chache baadaye mhandisi alipima lile zege na kuamuru livunjwe. Zege lililozidishiwa maji hukauka likiwa dhaifu. Faida ya mwaka mzima ikaishia kwenye kifusi. Tarehe ya pili ya hospitali ikaangukia siku za kuvunja, na Mama Zege akapiga simu kuomba iahirishwe.

"Mama hakunilaumu," anasema. "Aliniambia, nenda mwanangu, kazi ndiyo inatulisha. Waliponiambia zege livunjwe nililia kama mtoto. Zege ndilo nililolilia kwanza, mama nikaja kumlilia baadaye. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo."

Waliporudi kwa daktari, jicho la kushoto lilikuwa limekwisha. Kwa jicho hilo mama yake anatambua mwanga wa jua tu, basi. La kulia ndilo lililobaki, na ndilo linalopasuliwa leo.

Yaliyobadilika katikati hapo hayakutoka kwenye semina. Mama Zege alikwenda nyumbani kwa Pimamaji, akaketi, akamuuliza kwa nini hakumwaga zege lile wakati alijua linaharibika. Pimamaji akamwambia ukweli: miaka yote waliyofanya kazi pamoja, hakuwahi kuulizwa anaonaje.

Kazi nne alizomaliza hakuzitafutia mbadala. Sasa ana saiti tatu. Nondo zinakaguliwa siku moja kabla ya zege, na anayekagua ni Pimamaji. Yeye hufuata nyuma, akijizuia kusema. Mwanzoni alikuwa anauma ulimi. Siku moja Pimamaji alionyesha biskuti, vile vipande vya zege vinavyoinua nondo zisigusane na mbao, akasema hazitoshi upande wa ngazi. Mama Zege alikuwa ameshapita hapo bila kuziona. Alirudi nyumbani akicheka peke yake.

Wateja nao wana saa zao. Simu zao anazipokea jioni, kabla ya chakula, baada ya hapo anazima. Yule wa mabomba alinuna na kuhamia kwa mjenzi mwingine. Mapato yalipungua karibu theluthi mwaka wa kwanza, na hafichi kwamba zipo siku anajiuliza kama amekosea.

Lakini leo ni mara ya kwanza kuacha zege lenyewe mikononi mwa mtu mwingine.

Kwenye korido ya hospitali ameketi na simu mapajani, akiipindua juu chini. Muuguzi amekwisha kusema mgonjwa ataitwa muda wowote na karatasi isainiwe papo hapo. Ndipo simu inapotetemeka. Ni Pimamaji. Mama Zege amesimama kabla hata hajapokea.

Mashine imekufa. Nusu ya zege imemwagwa, nusu bado.

Mkono wake umeshaingia mkobani kutafuta funguo za gari. Mama yake, ambaye haoni vizuri lakini masikio yake ni mazima, anaweka kiganja juu ya benchi, mahali mwanawe alipokuwa ameketi, na kukiacha hapo.

"Wewe ungefanyaje?" Mama Zege anauliza kwenye simu.

Pimamaji anaeleza. Watachanganya kwa mikono mpaka katikati ya chumba cha pili, waweke ubao wa kulikatia zege hapo, kisha wamalizie kesho mashine ikipatikana. Zege lisiishie juu ya boriti, anasisitiza, hapo patakuwa pabaya. Mama Zege anasikiliza akiwa amefumba macho, akilifuata lile jengo kichwani, boriti kwa boriti.

"Fanya hivyo," anasema. "Na usinipigie kuniuliza. Nipigie ukishamaliza."

Anaketi. Dakika chache baadaye jina linaitwa, na anaitia saini ile karatasi.

Upasuaji unachukua asubuhi yote iliyobaki. Akisubiri, anazungumzia mpango wake: mwaka huu anataka Pimamaji awe mshirika kamili katika kampuni, kwa maandishi, ili anapoamua aamue cha kwake. Anatamani pia, anasema kwa aibu kidogo, awe na siku moja ya wiki ambayo haina saiti kabisa.

Mama yake anatolewa akiwa amefungwa bendeji jicho la kulia, akiongozwa na muuguzi. Arudishwe kesho asubuhi, muuguzi anaagiza, bendeji ifunguliwe na daktari aangalie.

Kesho asubuhi ndiyo zege linamaliziwa. Wote wawili wanalijua hilo.

"Kesho utanileta wewe, au nimwombe jirani?" anauliza mama. Hakuna lawama katika sauti yake. Anauliza kama mtu anayetaka tu kujua ajipangeje.

"Nakuleta mimi, mama. Na tutakaa mpaka daktari amalize."

Bibi kizee anapapasa hewani mpaka anaupata mkono wa mwanawe, anaushika.

"Basi leo nitalala," anasema.