Tani Tatu za Joyceline

Mwaka 2004, mashine ya kupoza nyumba ya Joyceline huko Cedar Hill ilipokufa, Watanzania wa Dallas waligawanyika makundi mawili: waliotaka anunue pampu ya joto ya tani tano, na Joyceline.

Tani, kwa mashine hizi, si uzito bali nguvu ya kupoza wakati wa kiangazi na kupasha moto wakati wa baridi. Lakini watu wetu hununua sufuria kwa kufikiria msiba, si chakula cha jioni. Msemaji wa tani tano alikuwa Elia wa Arlington, kaka wa mume wa Joyceline.

"Shemeji, fundi amepima madirisha, amepanda darini, amekuja na tani tatu. Amewapima wageni?"

"Nimemwambia tuko wanne."

"Hiyo ni nyumba ya Mzungu na paka wake."

"Kwako kuna tani tano. Mbona mkeo anavaa sweta Julai?"

"Anapenda mitindo."

Joyceline alikuwa na sababu. Mashine iliyokufa ilikuwa kubwa kupita kiasi: ilipiga baridi dakika chache, ikazima kabla ya kukausha hewa. Ukungu uliota nyuma ya kabati la binti yake, Matumaini, na pumu ya mtoto ikapata makazi ya kudumu. Alitaka mashine ndogo, ifanye kazi muda mrefu, ikaushe. Elirehema, mumewe, alimuunga mkono, kama alivyomuunga mkono kaka yake wiki iliyotangulia.

Tani tatu zikafungwa. Jumamosi moja ya Agosti jumuiya ikakutana kwake. Pilau ilipikwa uani, kwa amri ya Joyceline, joto la jiko lisiingie ndani. Wakati wa sala Elia alikaa chini ya tundu la hewa, akiinua kiganja mara kwa mara kama anayepima mvua. Kila mara kilirudi na baridi.

Kisha wageni wakaaga.

Kuaga kwetu ni ibada ya pili. Mgeni husimama, hushika kitasa, hufungua mlango, ndipo hukumbuka habari muhimu. Watu walijaa mlangoni, na Texas nzima ikaingia ndani. Kipimajoto cha ukutani kikaanza kupanda.

"Si nilisema," Elia akasema, akiwa ameuegemea mlango ule ule ulio wazi. "Tani tatu hazitoshi."

"Zinatosha nyumba yangu, shemeji. Hazitoshi Cedar Hill."

Joyceline akabeba birika la chai na sinia la maandazi, akapita katikati yao, akaviweka kwenye kivuli cha gereji. "Tunaagana huku."

Wakafuata wote, maana chai ilikuwa imeshatoka. Akarudi, akafunga mlango.

Waliagana mpaka jua likatua. Elia, aliyebaki wa mwisho, aliingia kuchukua funguo za gari. Mashine ilikuwa ikinguruma taratibu, bila haraka. Matumaini alikuwa kochini akisoma, kifua kimya. Elia akapitisha kiganja ukutani, akakitazama.

"Pakavu," akasema.

"Basi karibu, shemeji, kaa."

"Nitakaa. Kwanza funga mlango."