Sahani ya Peke Yake

Mie Chausiku nina mdomo, sikatai. Mtaa mzima hapa Mbagala unajua, na mume wangu Nassibu ndiye shahidi namba moja. Lakini mwaka ule wa korona, mdomo huu uliniponza kwa mwanangu mwenyewe.

Hamida alikuwa mwaka wa nne wa udaktari. Vyuo vilipofungwa Machi akarudi nyumbani, nikafurahi kijinga, maana tangu ahamie hosteli nilikuwa nakosa mpaka mburuzo wa ndara zake uani. Alikuwaga anakaa katikati ya magoti yangu nimsuke mtindo wa twende kilioni, huku anakariri majina ya mifupa. Juni vyuo vikafunguliwa, akaingia wodini, na ndo hakuonekana tena. Nikipiga simu, yuko bize. Nikimuuliza mbona sauti imepooza, anasema amechoka. Na mie kwa kujidai namjibu kwamba daktari hachoki, kisha nakwenda kuwatambia majirani kuwa nimetoka kuongea na daktari wangu.

Nilimtamani, jamani. Nilikuwa nikipakua chakula cha jioni najikuta nimeweka na fungu lake.

Siku ya Idi ya kuchinja Hamida akaja. Nikapika pilau, nikaandaa kama kwetu Lindi: sinia moja, wote tunalizunguka, kila mtu anakula upande wake. Kwetu anayekula pembeni ana ugomvi na wenyeji, au amewaona wachafu. Hamida alitoa shikamoo kwa mbali, barakoa usoni, akatoa kwenye begi sahani yake na kijiko chake. Akaomba apakuliwe, akaenda kukaa kizingitini peke yake.

Mbele ya mawifi zangu! Nikaona udaktari umempanda kichwani. Nikavumilia mpaka wageni walipotoka kwenda kunawa, nikamwendea pale mlangoni. Nikamwambia kama sie tumekuwa uchafu, arudi huko huko kwa wasomi wenzake, maana hayo makuzi anayoringia ameyapata kwenye sinia hilo hilo.

Pilau hakuwa ameigusa. Ndipo nikaiona mikono yake, ngozi imebabuka, vidole vimepasuka mpaka vinatoa damu. Nikamuuliza imekuwaje, akasema ni kunawa. Ananawa mchana kutwa, na usiku anaamka ananawa tena. Akanieleza polepole habari za mama mmoja wa wodini, rika langu, aliyekuwa anamwita Hamida "binti yangu". Alishinda naye siku nzima amemshika mkono, na kesho yake akakuta kitanda kimetandikwa upya. Tangu hapo akifumba macho anakiona kile kitanda, na anayelala pale ni mie. Barua ya kuacha chuo alishaiandika, ilikuwa mle mle kwenye begi.

"Mama, nilikwambia nimechoka," akasema. "Nilikuwa nakwambia kila siku."

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe. Kumbe mtoto alikuwa ananiita, mie nashangilia cheo. Nikafungua mikono nimkumbatie, naye akarudi nyuma mpaka ukutani.

"Usinisogelee, mama. Nakuomba. Nikikuua wewe nitaishije?"

Nikamwambia kama anataka kuuacha huo udaktari auache leo leo, mie nilizaa Hamida, sikuzaa daktari. Akaanza kulia, kilio kile cha utotoni cha kukatika pumzi.

Jumatatu baba yake alimsindikiza chuoni, wakamwona mshauri wa wanafunzi. Akapewa mapumziko, akaendelea kwenda kuongea na yule mshauri kila wiki, na mwaka uliofuata akarudi wodini kwa hiari yake. Sasa hivi yuko Masasi, anatibu watu, na sauti yake kwenye simu imerudi kuwa yake.

Lakini mie ile Idi haijanitoka. Alilia mpaka alasiri ikaadhiniwa, na kati yetu hapakuzidi hatua tatu. Alikuwa ameniomba nisimguse. Nikakaa chini sakafuni, nikaikalia mikono yangu yote miwili, isije ikamfuata.