Aiskrimu ya Pilipili ya Mama Gloria

Mimi nauza vitenge mlango wa pili kutoka kwa Roda, mama Gloria, hapa Tunduma, na nilikuwa mtu wa kwanza kumwambia ana wazimu. Nani anatia pilipili mbuzi kwenye aiskrimu? Akanicheka tu. Haikupita miezi miwili, madereva wa malori wanaongoja kuvuka mpaka wakawa wanateremka na vikombe vyao kuulizia "ile ya moto." Nikafunga mdomo wangu.

Kazi yake si ya kubahatisha. Huchemsha maziwa na pilipili iliyopasuliwa, akachuja, akachanganya na embe lililosagwa, kisha akaonja palepale ikiwa bado vuguvugu. Ikishaanza kuganda haonji tena, maana baridi huutia ulimi ganzi na ukali hausikiki. Kila baada ya saa moja huitoa kwenye friji akaikoroga isije ikawa jiwe.

Sasa, mama mkwe wake, Bibi Tabita wa kijiji cha Hasamba, hakuitaka kabisa biashara hiyo. Alitaka Amoni, mwanawe, arudi na mkewe kulima kahawa, na Amoni, ambaye mbele ya mama yake hana sauti, alishakubali nusu. Jumamosi moja bibi akaja mwenyewe kuyamaliza.

"Jirani, leo ndiyo leo," Roda aliniambia asubuhi. "Asipoielewa kazi yangu, nafungasha virago."

Hofu ikamfanyisha kosa ambalo hata mimi nalijua. Alipoitoa kukoroga, akaionja ikiwa imeganda nusu. Akaona haina ukali, akaongeza pilipili ya kusaga. Saa iliyofuata akaonja tena, na akaongeza tena!

Mchana akapiga magoti, akamkabidhi bibi bakuli kwa mikono miwili. Bibi akaonja kijiko kimoja.

"Baridi tu," akasema.

Kisha ikayeyuka mdomoni. Macho yakamtoka, jasho likamtiririka chini ya kilemba. Amoni akakimbia kuleta maji, bibi akayasukuma pembeni. Akachota kijiko cha pili apoze ulimi, na kweli kikapoza, lakini baada ya muda mfupi moto ukarudi. Akachota cha tatu. Sisi tunamtazama tu, na Roda bado yuko magotini, machozi yanamtoka waziwazi. Nilimwonea huruma. Bibi akaendelea hivyohivyo, kijiko baada ya kijiko, hadi bakuli likabaki tupu.

Akajifuta uso kwa pindo la kitenge.

"Amoni."

"Naam, mama."

"Shamba nitampa mdogo wako Kasiani alime. Wewe baki hapa umsaidie mwenzio kukoroga."

Nikapiga vigelegele mimi, mtu nisiyehusika! Bibi hata hakunitazama. Alikuwa anamnyooshea Roda bakuli.

"Inuka, mama Gloria. Niongezee."