Leo Toronto Imenishinda

Leo, kwa mara ya kwanza, nimekiri mbele ya soko zima kwamba sijawahi kusafiri kuvuka Makambako.

Mnanijua. Nikifungua belo la mitumba, kila fulana yenye jina la jiji ni safari yangu. Lisbon nimekula samaki. Istanbul nimenyolewa ndevu. Watu wanacheka, wananunua, maisha yanaenda.

Asubuhi nikainua fulana ya Toronto.

"Hili ndilo jiji langu namba moja! Nimefika mara mbili!"

Mama mmoja wa Peramiho, na kikapu chake cha maharage, akasogea. Nikampa shikamoo yake.

"Marahaba, mwanangu. Basi utakuwa umemwona Gaudensi wangu. Mrefu, ana kovu kidevuni. Huu mwaka wa sita hajapiga simu."

Nikaishusha fulana. Mimi, na mdomo wote huu!

"Mama, nisamehe. Mwisho wangu Makambako, tena nilitapika njiani."

Akacheka. "Kwani sijui? Mwongo mkubwa wewe. Endelea tu. Huko baridi ikoje?"

Nikaendelea, jamani. Nikamwambia theluji inafika magotini, lakini vijana warefu wana makoti mazito na wanakula vizuri. Yeye anaitikia tu, "Eee. Eee."

Akaivaa ile fulana juu ya gauni lake. Hela nimekataa.

Sijawahi kutamani kufika mahali kama leo.

Mlioko Toronto, mkimwona mtu mrefu mwenye kovu kidevuni, mwambieni mama yake bado anatumia namba ileile.