Mashine ya Randa na Mita ya Pili

Saa tatu na dakika ishirini asubuhi, siku ya Jumatatu, mwenyekiti wa ushirika wetu wa maseremala pale Temeke aliisoma bili ya umeme kwa sauti, kisha akaisoma tena. Ilikuwa miaka ya Ujamaa. Mali yetu kubwa ilikuwa mashine ya randa tuliyoinunua kwa mkopo wa benki, na mimi ndiye niliyeitunza. Umeme nilijifunza mwenyewe, kwa kufungua mota na kuzirudishia.

"Ndugu zangu, bili ijayo isiposhuka, mashine tunaiuza," alisema. "Benki haitatungoja tumalizane na umeme kwanza."

Mchongaji mmoja, mtu wa kusini aliyekuwa na kona yake humo karakanani, akacheka. "Mie patasi yangu haina bili. Si mlitaka ukubwa nyie?"

"Nyamaza wewe, kinyago kimoja toka Mfungo Mosi!" seremala mmoja akamrushia.

Tukakubaliana kubana matumizi. Taa zizimwe mchana. Mashine isichoshwe: ubao upite mmoja mmoja, kisu kiparue juu juu tu. Na mota isizimwe wakati wa chai, maana sote tuliamini kuwa kuiwasha upya ndiko kunakokula umeme. Niliona ni busara. Kila jioni nilisoma mita, na uniti zilikuwa zikipungua. Nikaridhika.

Bili iliyofuata ilikuwa kubwa kuliko ile ya kwanza. Uniti zilishuka kweli, lakini chini yake palikuwa na faini, na faini ndiyo iliyopanda. Msoma mita alipokuja nilimfuata hadi ukutani.

"Kaka, mbona uniti zimeshuka na pesa zimepanda?"

"Fundi, huoni mita ziko mbili? Hii inahesabu kazi. Ile inahesabu umeme unaokuja kwenu na kurudi bila kufanya kazi. Huo nao unajaza nyaya. Pawa fakta yenu mbaya."

"Dawa yake nini?"

"Kaulize mainjinia," akasema, akapanda baiskeli yake.

Injinia sikuwa naye. Nilinunua kitabu chakavu cha fizikia, cha Kiingereza, pale Kariakoo, nikakisoma kwa kamusi. Kilikuwa kigumu na nilikwenda taratibu, kwa sababu sikupenda kuruka ukurasa nisiouelewa. Mwenyekiti hakuweza kunisubiri. Mfanyabiashara wa Gongo la Mboto alikuja na lori, tukaipakia mashine wenyewe.

"Fundi, iage basi," mmoja alisema. Hakuna aliyecheka.

Nilielewa mwezi uliofuata, nikiwatazama wenzangu wawili wakipasua gogo la mninga kwa msumeno wa mikono miwili, maana sasa tulikuwa tumerudi huko. Mmoja alikuwa akivuta kwa kuchelewa. Jasho liliwatoka wote sawasawa, lakini unga wa mbao ulidondoka kidogo. Ndivyo ilivyo kwenye mota. Volti inavuta, ampea zinafuata zimechelewa, kwa sababu mota inahitaji kwanza umeme wa kutengeneza sumaku yake, na umeme huo huenda na kurudi bila kukata hata ubao mmoja. Pawa fakta ni sehemu ya jasho inayogeuka kuwa kazi. Mota ikibebeshwa mzigo wake, sehemu hiyo ni kubwa. Ikizunguka bure, kazi karibu hakuna, lakini sumaku inadai umeme uleule.

Kwa hiyo sisi, kwa kuihurumia mashine, tulikuwa tukiizungusha bure kutwa nzima, hata wakati wa chai. Tulipaswa kuilisha ubao kwa kina chake, kuizima tunapopumzika, na kuifungia kapasita, kifaa kinachoipa mota umeme wa sumaku palepale bila kuuagiza mbali.

Nilimweleza mwenyekiti yote hayo. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono imetulia juu ya meza.

"Unaniambia leo, ndugu yangu?"

"Nimeelewa leo."

Alitikisa kichwa, si kwa hasira. Nimekisoma kitabu kile mara nyingi tangu hapo, na kila nikifika sura ile hujikuta napiga hesabu ileile. Kapasita iliuzwa mjini shilingi mia saba. Mashine tuliinunua shilingi elfu kumi na mbili, tukaiuza elfu saba na mia tano. Hasara, bila kuhesabu faini: shilingi elfu nne na mia tano.