Kiingereza cha Uani, Kampemba

Enzi zetu pale mtaani Kampemba, Kiingereza hakikutoka kwenye simu. Kilitoka uani kwetu, jioni, moshi wa makaa na harufu ya samaki vikituzunguka. Papa, baba yetu, aliwafundisha wafanyabiashara waliokuwa wakienda Sakania na kuvuka mpaka wa Zambia, na sisi watoto ndio tulikuwa vifaa vyake vya kufundishia.

Akifika kwenye hold, mdogo wangu alishika kuku asitoroke. Carry ilikuwa yangu: nilizunguka ua na beseni la unga kichwani hadi shingo iwake moto. Support ilikuwa ya kaka yetu Kalala, aliyesimamisha mti chini ya paa la jiko lililoinama, na ole wake auachie. Bear, yaani kuvumilia, papa hakuionyesha. Alimtazama tu mama, aliyekuwa akisonga bukari, ule ugali wetu, ya watu wote wale bila kuketi tangu asubuhi, na wanafunzi wakacheka. Mama hakucheka.

Mwanafunzi mmoja alituvunja mbavu. Huko Zambia alitaka kusema hamvumilii mama mkwe wake, akatumia support kama tunavyosema kwa Kifaransa. Wenyeji, ambao kwao support ni pia kumlisha mtu, wakaelewa kwamba anamnyima mama wa watu chakula, wakamkaripia vikali. Aliporudi, papa akamshikisha ule mti somo zima. "Ile iko Kifaransa, baba! Unavuka mupaka na maneno ya huku?"

Papa amekwisha kufariki, Kalala na mdogo wangu wako mbali, na mama hawezi tena kusimama mwenyewe. Kila asubuhi namwinua peke yangu. Watoto wetu wanazungumza Kiingereza vizuri kuliko papa, nao hawajawahi kushika hata mguu wa kuku ili kukijifunza. Juzi niliandika kwenye kundi la familia kwamba mgongo wangu umekwisha, aje mtu. Wakajibu kwa Kiingereza safi kwamba mioyo yao iko nami. Nimechoka, nasema wazi.

Leo asubuhi mgongo ulikataa nikiwa katikati ya kumwinua. Tukateremka polepole hadi sakafuni, mimi na mama, tukaegemea kitanda. Zamani sufuria ikianguka tu, majirani walikuwa wameshaingia kabla hujaita. Leo nimeita, na ua umenyamaza.

"Bantu ya hii nyumba iko wapi?" mama akauliza.

"Banakuya, mama," nikamjibu. Wanakuja.