Hatua Arobaini Kutoka Barabarani

Wiki jana nilitembelea ngome moja kuukuu huku Uskoti, ninakosomea upimaji wa ardhi. Mwongozaji wetu, mama wa makamo anayejua historia ya kila jiwe, alisema ukuta wa nje ulijengwa hatua mia moja kutoka kwenye mnara. Wenzangu wakapiga picha. Mimi nikauliza, "Hatua za nani?"

Akacheka. "Za yule aliyeshika upanga."

Tangu hapo, rafiki yangu, sijatulia. Akili imerudi kwetu Mau Narok, jikoni kwa nyanya, kwenye viazi vilivyochomwa jivuni na baridi ya asubuhi iliyotufanya tugombanie kiti cha karibu na moto. Kazi yangu ilikuwa kuokota plamu zilizoanguka kabla kuku hawajazidonoa. Nyanya alizichemsha na sukari, tukazipaka kwenye mkate, vidole vikashikana hadi shuleni.

Kati yetu na jirani kulikuwa na ua wa kayaba wenye miiba mirefu. Babu na baba yake jirani ndio walioupanda, baada ya kukubaliana kwa mdomo kwamba shamba la jirani liishie hatua arobaini kutoka barabarani, letu lianzie hapo. Hati zilikuwa bado kutoka.

Nilipokuwa darasa la nne, jirani aliung'oa ua ule akidai umezeeka, atapanda mwingine. Akawaita wazee washuhudie, akavaa gambuti, akaanza kupima. Alikuwa mrefu, na siku hiyo alijinyoosha kama mtu anayeruka mitaro. Aliniomba nimhesabie. Nikahesabu kwa sauti, tena kwa maringo, kwa sababu mwalimu alikuwa amenisifu kwa hesabu. Hatua ya arobaini ikatua ng'ambo ya miti yetu ya plamu.

"Mama, hatua ni hatua," akamwambia nyanya. "Hata mtoto wako amehesabu."

"Basi niazime hiyo miguu yako, nami nipime."

Wazee wakacheka, wakanywa chai ya jirani, wakaenda.

Nyanya hakunilaumu hata siku moja. Afadhali angenichapa. Msimu wa plamu ulipofika, tulizisikia zikianguka upande wa pili wa ua mpya wa miiba, moja moja, na yeye akaendelea kumenya viazi. Sasa hayupo, jiko limebomoka, na miti ile jirani aliikata kuni.

Desemba narudi. Nimepanga na kupangua: nibebe mashine ya kupimia? Jirani akikataa je? Akifa kabla sijafika? Kila jioni namwombea afya njema, na siombi kwa wema. Mama ameniambia kwa simu kwamba siku hizi anatembea kwa mkongojo, hatua yake haizidi upana wa sahani.

Mashine nitaiacha. Nitawaita wazee waliobaki, nimsimamishe barabarani, nimwambie kwa heshima zote, "Mzee, hatua ni hatua."

Kisha nitamhesabia kwa sauti.